Siku moja chumba cha ngozi, na wanaume wa mwisho kwenye foleni

Saa moja na nusu asubuhi nawasha taa ya shingo ndefu, napanga glavu, vioo vya darubini, wembe na chupa ya potasi ya asilimia 10, ya kulainishia magamba ya ngozi kabla ya darubini. Wagonjwa wa chunusi na pumu ya ngozi huisha upesi. Wenye shida ya huku chini hukaa benchi la nyuma na kuwapisha wengine hadi foleni ikatike. Mtaani kazi hii ina majina yake ya utani. Sijali, kwa sababu ngozi ya hapo ni ngumu kuisoma kuliko ya usoni.

Saa tatu, kijana ana vipele vya milimita moja hadi mbili, vimejipanga kama shanga kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume. Ni maumbile: haviambukizi, havitibiwi. Masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri, hayapangi safu. Huota ovyo, hukwaruza ukiyagusa, na huongezeka. Shida ni kwamba ameshavipaka asidi ya kuondolea chunjua, kwa hiyo leo natibu kidonda cha kuungua. Vidoa vya manjano kwenye ngozi ya pumbu ni tezi za mafuta tu, navyo asivichokoe.

Saa nne anaingia baba wa makamo, na hapa ndipo asubuhi inapokwama.

"Umepaka nini, mzee wangu?"

"Sijapaka kitu, daktari."

Kinena chote ni zambarau ya dawa ya vidonda. Nafuta kwa pamba na maji, nauliza tena. Kidogo tu, anasema. Mara ya tatu ndipo tyubu inatoka mfukoni: krimu ya mseto, yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali. Inamsaidia siku chache kisha muwasho unarudi na zaidi. Lazima urudi. Steroidi inazima wekundu na muwasho, huku fangasi wakiendelea kutambaa. Ule ukingo wenye magamba ambao ungenionyesha fangasi kwa macho unafutika, ngozi inakuwa nyembamba, na mapajani inachanika michirizi ambayo haitaondoka tena.

Nakwangua palipobaki magamba, naweka kwenye kioo, tone la potasi, dakika kumi hivi. Darubini inaonyesha nyuzi zenye matawi: ni fangasi. Pumbu zenyewe ni safi, kama ilivyo kawaida kwa fangasi wa kinena. Zingekuwa nyekundu nazo ningefikiria kandida, fangasi wa jamii ya hamira, au sabuni ya kufulia anayoogea.

"Basi nipige sindano iishe."

Hakuna sindano ya fangasi wa kinena, na hili analibishia muda mrefu kuliko kipimo kilivyochukua. Kwa fangasi walioenea hivi namwandikia dawa ya fangasi, tabinafini miligramu 250, kidonge kimoja kwa siku, wiki mbili hadi nne. Wangekuwa eneo dogo, krimu ya klotrimazoli asilimia 1 asubuhi na jioni ingetosha, ipakwe hadi sentimita mbili nje ya ukingo na iendelee wiki moja baada ya ngozi kutakata. Kisha naomba avue viatu. Fangasi wamo vidoleni pia. Basi avae soksi kwanza ndipo chupi, la sivyo nguo itawapandisha tena kila asubuhi.

Mchana saa siitazami tena. Kuna doa jeusi kichwani mwa uume linalorudi palepale kila mara, na mke ameshalaumiwa. Naulizia vidonge: kotrimoksazoli, antibayotiki anayoimeza kila akiharisha. Ni mzio wa dawa. Jina la dawa naliandika kwa wino mwekundu mbele ya kadi, asiimeze tena maishani.

Vinundu vya kuwasha usiku kwenye uume na pumbu ni upele wa utitiri (skabi), na nyumba nzima inapaka dawa siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, ikirudia baada ya siku saba. Govi jekundu lenye utando mweupe: kipimo cha sukari kwa damu ya kidole kwanza, krimu baadaye. Kidonda kigumu kisichouma: kipimo cha kaswende, penisilini ya benzathini uniti milioni 2.4, nusu kila tako, na mwenzi naye aje. Malengelenge madogo yanayouma ni hepesi mara nyingi. Wa kidonda na wa malengelenge, wote wapime VVU. Govi lililogeuka jeupe na kubana ndilo linalopewa klobetasoli, steroidi kali kama ile niliyoilaani asubuhi. Dawa haina kosa ikipewa ngozi inayoihitaji.

Wa mwisho ana kidonda kisichopona mwezi wa pili sasa, na alikuwa benchi tangu asubuhi. Hapa hakuna krimu ya kujaribu. Inaweza kuwa saratani. Ganzi, kinyofu cha ngozi cha milimita nne kutoka ukingoni, si katikati palipooza, moja kwa moja ndani ya formalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi. Kwenye fomu ya maabara naandika kilipotolewa na kila alichowahi kupaka. Namuuliza mara tatu.