Begi la mama, kutoka Dubai mpaka Chikongola

Nimefika nyumbani Chikongola, Mtwara, jana jioni, niandike hii mapema maana bado inanizunguka kichwani. Nilikuwa natoka Guangzhou kwenye mambo ya duka, tukakaa Dubai masaa kibao kusubiri ndege ya Dar, na pale eapoti nikaingia duka la mabegi, yale mabegi ya bei, nikamnunulia mama.

Mama yangu miaka yote anasafiri na shangazi kaja. Korosho humo, ming'oko humo, kanga humo, anafunga kamba juu anabeba begani, na bega lenyewe ndo hilo linalompeleka kliniki Muhimbili. Dada alishaanza kumkatia tiketi ya ndege asikae kwenye basi kutwa nzima, lakini mzigo ukabaki ule ule na kusaidiwa hataki.

Sasa dukani vinavyong'aa ndo vinakuita kwanza. Nikashika masanduku ya Rimowa, hawa Wajerumani wa Köln wako kwenye kazi hii tangu 1898 na ya aluminiamu wanatengeneza tangu 1937, mazuri kweli, ila likiwa tupu tu tayari zito, na ndege ya ndani mzigo wa kawaida ni kilo 23, sanduku likishakula zake mama ataweka nini? Ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu, mepesi, ukilibonyeza linarudi, lakini karibu yote yana vile vigurudumu vinne vidogo vya kuzunguka. Kwenye marumaru yanateleza yenyewe.

Muuzaji dada Mkenya, nikamwambia ni la mama, akaniuliza, "Na huko kwa mama kuna lami?"

Yaani nilimpenda hapo hapo. Nikamwambia dada, kwetu ukishuka kwenye bajaji ni mchanga mpaka mlangoni.

Akaniletea la nailoni nzito, ile ambayo asili yake ni majaketi ya askari wa vita ya pili ya dunia, magurudumu mawili tu, makubwa, nusu yamezama ndani ya begi. Staili hii ya mawili na mkono wa kuvuta aliibuni rubani Mmarekani, Robert Plath, mwaka 1987, na unaona kabisa ni kazi ya mtu anayeburuta mzigo kila siku. Nikavuta ule mkono juu chini, haulegei, nikapitisha zipu kwenye kona zote maana mabegi mengi yanafia pale, nikaligeuza nikakuta magurudumu yamefungwa kwa skrubu, yakiisha fundi anabadilisha. Zaidi ya dirhamu elfu moja. Ni hela nyingi na mimi mfanyabiashara najua hela, lakini nililipa moyo mweupe.

Leo asubuhi kalivuta mwenyewe toka barabarani, mchangani, mkono mmoja, huku anaongea na jirani. Mwezi ujao ana kliniki, dada atampokea eapoti Dar, na nimeshamwambia asimpokonye mzigo, amwache avute.