Mahali na Wakati katika Kuta za Korongo la Olduvai

Wageni wengi wanaofika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, huonyeshwa mahali lilipopatikana fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, wakapiga picha, kisha wakaendelea na safari ya Serengeti. Fuvu hilo, aliloliona Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, linastahili heshima yote linayopewa. Hata hivyo, mimi naamini kwamba hazina kubwa zaidi ya mahali pale ni kuta zenyewe: takriban mita 90 za udongo, mchanga, changarawe na majivu ya volkeno, zilizolaliana tabaka juu ya tabaka katika muda wa karibu miaka milioni mbili, na baadaye zikakatwa na mto wa msimu unaoelekea mashariki hadi bonde la Olbalbal. Pasipo kuta hizo, fuvu lile lisingeweza kutajiwa umri wala mazingira aliyoishi mwenyewe.

Napenda kueleza hapa jinsi wanajiolojia wanavyozisoma kuta za namna hiyo, na nitashikilia jambo moja ambalo masomo ya shule hulipitia kwa haraka mno. Kila tabaka la mwamba mashapo, yaani mwamba uliojengwa na tope, mchanga na chembe nyingine zilizotua, limebeba habari za mahali na habari za wakati, na habari hizo mbili zimo pamoja katika chembe zilezile. Udongo mfinyanzi ulioganda hutuambia kwamba hapa palikuwa na ziwa, lakini peke yake hautuambii lilikuwapo lini, wala hautuambii kama siku hiyohiyo, kilomita chache kutoka hapo, palikuwa na mto au mbuga kavu. Kuzitenganisha habari hizo mbili bila kuipotosha hata moja ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika fani hii.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Florence, alieleza kwamba mashapo hutua yakiwa karibu bapa, kwamba huenea pande zote mpaka yakutane na kizuizi au yaishe yenyewe kwa kupungua unene, na kwamba tabaka la chini limetangulia lile lililo juu yake maadamu hakuna kitu kilichoyapindua. Kanuni hizi zaonekana nyepesi mpaka mtu asimame mbele ya ukuta halisi, uliofunikwa na vumbi na udongo uliotiririshwa na mvua. Kwanza mwanajiolojia hulikwangua gamba la juu ili mwamba usiochakaa uonekane, kisha hupanda kutoka chini akipima unene wa kila tabaka na kuandika rangi yake, ukubwa wa chembe, kama chembe hizo zina pembe kali au zimeviringwa na maji, na kama mpaka wake na tabaka la chini ni wa ghafla au unabadilika polepole. Hutazama kwa lenzi ya mkononi, hudondoshea asidi kidogo kujua kama pana chokaa, na hutafuta mambo madogo kama nyufa za tope lililokauka, mianya iliyoachwa na mizizi na vitabaka vyembamba vilivyoinama ndani ya mchanga. Vitabaka hivyo huonyesha maji au upepo ulikuwa ukielekea upande gani.

Mjerumani Hans Reck, aliyefika Olduvai mwaka 1913, ndiye aliyeyagawa matabaka ya korongo na kuyapa namba kuanzia chini, na namba zake za I hadi IV zinatumika mpaka leo. Lakini aliyetufundisha kuyasoma kwa undani ni Mmarekani Richard Hay, ambaye alianza kufanya kazi pale mapema katika miaka ya 1960 na kutoa maelezo yake makuu mwaka 1976. Hay hakutosheka na kupima ukuta mmoja. Alilifuata kila tabaka kwa upande, kutoka mwisho mmoja wa korongo hadi mwingine, na hapo ndipo mandhari nzima ilipoanza kujitokeza.

Katikati ya bonde la kale, katika Tabaka I na sehemu ya chini ya Tabaka II, aliukuta udongo mfinyanzi wa ziwa. Ndani yake kuna umbo la fuwele za chumvi zilizokwisha kuyeyuka, na kuna madini ya zeolaiti na feldspa ambayo hayakuletwa na mto wowote, bali yalijijenga humohumo ndani ya tope lililoloa maji yenye magadi mengi. Hilo ni ziwa lisilokuwa na njia ya kutolea maji, lililotanuka na kusinyaa kadiri mvua ilivyobadilika. Kwenye ufuko wake wa mashariki hali ilikuwa tofauti, kwa sababu vijito vilivyoshuka kutoka nyanda za juu za volkeno vilileta maji baridi, na ndiyo maana huko hupatikana mifupa ya kambare na perege, konokono wa maji baridi, mifupa ya heroe na alama za mizizi ya mimea ya majini.

Vinundu vya gumegume vinavyopatikana katika udongo huo vinastahili kutajwa peke yake, maana ufumbuzi wake ulitoka Kenya. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini aliyoyakuta Ziwa Magadi na kuyapa jina la ziwa hilo. Ni mchanganyiko wa silika na sodiamu ambao, ukipoteza sodiamu yake, hugeuka kuwa gumegume. Mwaka uliofuata Hay alionyesha kwamba gumegume la Olduvai lilizaliwa kwa njia hiyohiyo. Ziwa lililo hai mbele ya macho yetu lilifasiri ziwa lililotoweka, na kwangu mimi huu ni mmoja wa mifano mizuri kuliko yote ya kuisoma dunia ya jana kwa kuitazama ya leo. Watu wa kale nao walilitambua jiwe hilo, wakalichukua ziwa lilipopungua na kulichonga kuwa zana.

Ukilifuata Tabaka I kuelekea mashariki, udongo wa ziwa unapungua na nafasi yake inachukuliwa na mashapo ya volkeno yaliyosambazwa na vijito chini ya mlima Olmoti. Ukienda magharibi, chembe za volkeno zinapungua na chembe za madini ya kwazi zinaongezeka, kwa kuwa huko mashapo yalitoka kwenye miamba ya kale sana iliyo chini ya nyanda za Serengeti. Miamba hiyo mitatu haifanani hata kidogo, lakini ni ya wakati mmoja. Mjerumani Johannes Walther aliiweka kanuni yake wazi mwaka 1894: mazingira yaliyokuwa majirani kwa upande ndiyo yanayokutwa yamelaliana kwa wima, mradi hakuna pengo katikati yake. Kwa hiyo tukiona mchanga wa mto juu ya udongo wa ziwa, hatuna haki ya kusema mara moja kwamba ziwa lilikauka kote, kwani huenda ni ufuko tu uliosogea.

Tabaka III linaonyesha hatari iliyopo. Upande wa mashariki ni jekundu, linaonekana kwa mbali, na mtu yeyote anaweza kulitofautisha na Tabaka IV lililo juu yake. Upande wa magharibi, ambako mashapo yalikuwa na chanzo kingine, wekundu huo unatoweka na mpaka kati ya matabaka hayo mawili haushikiki. Hay aliamua kuyaacha huko yakiwa kundi moja lisilogawanywa. Naiheshimu sana hatua hiyo, kwa sababu ingekuwa rahisi kuchora mstari kwenye karatasi na kuufanya wekundu, ambao ni habari ya mahali, uonekane kuwa habari ya wakati.

Basi wakati wenyewe husomwa wapi? Hapa Olduvai ina bahati ambayo mabonde mengi ya mashapo hayana. Volkeno inapolipuka, majivu huanguka kwa muda mfupi sana juu ya ziwa, ufuko, mto na mbuga kwa pamoja, bila kujali ni mazingira gani. Tabaka la majivu linayapitia mazingira yote, na popote linapotambuliwa, tunajua tumesimama katika siku zilezile. Tafu, yaani majivu ya volkeno yaliyoganda kuwa mwamba, iitwayo IF, iliyotoka Olmoti, ndiyo inayofunga Tabaka I kwa juu.

Kuitambua, hata hivyo, si jambo jepesi. Majivu yaliyoangukia katika ziwa la magadi yaligeuka zeolaiti, na kioo chake cha asili kikapotea, hivi kwamba tafu ileile hubadili sura yake ndani ya kilomita chache. Mwanajiolojia Lindsay McHenry alionyesha njia ya kutokea kwa kupima kemia ya fuwele zilizostahimili mabadiliko hayo, kama vile feldspa, na kuzitumia kuziunganisha tafu za mashariki na zile za katikati ya bonde. Pia ni lazima kuyatenga majivu yaliyoanguka moja kwa moja kutoka angani na yale yaliyokusanywa na mto baadaye, kwa kuwa mto huchanganya fuwele mpya na za zamani, na umri utakaopimwa hautakuwa wa tukio lolote halisi.

Fuwele hizo ndizo zinazobeba saa yenyewe, maana potasiamu iliyomo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Louis Leakey, mume wa Mary, alikuwa amelikadiria fuvu la 1959 kuwa na miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiandika pamoja naye, walitoa umri wa takriban milioni 1.75, na watu wengi waliona ugumu kuuamini. Vipimo vya baadaye, vinavyopima fuwele mojamoja, havikuupunguza. Vimeusogeza nyuma kidogo, karibu na milioni 1.84. Ushahidi wa sumaku pia ulipatikana humohumo korongoni. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Hay walichapisha matokeo kwamba miamba ya volkeno ya Tabaka I imehifadhi uelekeo wa sumaku kama wa leo, ingawa ni ya kipindi kirefu ambacho sumaku ya dunia ilikuwa imegeuka kinyume. Kipindi hicho kifupi cha uelekeo kama wa leo, kilicho ndani ya kile kirefu, sasa kinaitwa Olduvai duniani kote, na wanaosoma tope la chini ya bahari hukitumia kupimia matabaka yao.

Katika Tabaka II kuna sehemu iitwayo Lemuta, iliyojengwa kwa majivu yaliyopeperushwa na upepo. Mlinganisho wake uko karibu na korongo lenyewe, katika tuta jeusi la majivu ya volkeno lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo wenyeji na waongozaji huliita mchanga unaohama, na ambalo husukumwa na upepo kuelekea magharibi mwaka hadi mwaka. Juu ya Lemuta, mahali pengi, pana sura ya mmomonyoko. Mpaka haulingani, na changarawe iliyo juu yake imebeba vipande vya tabaka la chini. Hapo wakati umepita bila kuacha kitu, au uliacha kitu kikaondolewa. Msomaji wa matabaka lazima ayahesabu mapengo kama anavyoyahesabu matabaka.

Mwaka ule wa 1913 Reck alipata kiunzi kizima cha mifupa ya binadamu ndani ya Tabaka II, akashikilia kwamba mtu huyo aliishi pamoja na wanyama wa kale waliokutwa katika tabaka hilo. Louis Leakey alilitilia shaka jambo hilo, kisha mwaka 1931, baada ya kwenda korongoni pamoja na Reck, akakubaliana naye. Kilichoamua ubishi si mifupa, bali udongo ulioishikilia. Ulipochunguzwa ulikutwa na vijiwe vyekundu kama vya Tabaka III na vipande vya chokaa kama vya mashapo ya juu kabisa, ambayo wakati huo yaliitwa Tabaka V na ambayo Hay baadaye aliyagawa kuwa Ndutu na Naisiusiu. Udongo wa juu haungeweza kuwa ndani ya Tabaka II kama haukushushwa na watu waliochimba kaburi, mahali ambapo matabaka ya katikati yalikuwa yamekwisha kuondolewa na mmomonyoko. Mwaka 1933 Leakey na wenzake walikiri hadharani kwamba yalikuwa maziko ya baadaye sana. Mifupa ilikuwa mahali pa Tabaka II bila kuwa ya wakati wake, na ndiyo sababu mimi hukereka ninapoona kisukuku kikionyeshwa bila kutajwa kilitolewa katika tabaka gani na mpaka wake ulikuwaje.

Mapengo yapo mengi zaidi kwenye kingo za bonde, ambako ufuko ulikuwa ukifunikwa na kuachwa wazi mara kwa mara. Katikati ya ziwa tope lilitua kwa utulivu zaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 kundi la watafiti lilitoboa ardhi ya bonde hilo na kutoa nguzo ndefu za mashapo kutoka chini kabisa ya sakafu ya korongo. Zilizidi kina cha mita 200, na zilionyesha kwamba chini ya Tabaka I, ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa mwanzo wa habari za Olduvai, kuna unene mkubwa wa mashapo mengine na majivu ya milipuko ya nyanda za Ngorongoro, ambayo hayaonekani katika ukuta wowote wa korongo.