Asubuhi ya Chokaa Kibokoni

Mwezi wa Agosti 2008, nikiwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha historia mjini Morogoro, nilisafiri kwa basi hadi Tanga, nikavuka mpaka Horohoro, na nikaingia kisiwani Mombasa kwa feri ya Likoni nikiwa na daftari jipya na orodha ya majengo niliyokusudia kuyaona. Mjomba wangu, ambaye ni kaka wa mama yangu kwa baba na mama, alikuwa akiishi Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale ulio karibu na ngome, na tangu ujana wake alikuwa mwashi. Nilikuwa na siku nne tu, na nilidhani zingenitosha.

Ngome ya Fort Jesus niliimaliza siku ya kwanza. Habari zake nilikuwa nikizifundisha darasani: kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan, kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi walipoitwaa Desemba 1698, na kwamba Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoweka kiganja changu ukutani ni kwamba jiwe lile limejaa vijitundu na michirizi ya matumbawe, na kwamba ukuta mnene namna ile, uliohimili mizinga, umetokana na viumbe wadogo wa baharini. Usiku nilimweleza mjomba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kesho yake nisiende popote peke yangu, nifuatane naye kazini.

Tuliondoka baada ya kunywa chai kwa mahamri na mbaazi, tukashika Ndia Kuu. Jina hilo lilikuwa limenitatiza kwenye ramani, kwa kuwa nilidhani limekosewa. Kumbe ni Kimvita safi, ambamo njia ni ndia, njaa ni ndaa, na anayekuita hukwambia "ndoo". Nilifurahi kupita kiasi kuona lahaja ya watu imeandikwa kwenye kibao cha barabara bila kusahihishwa na mtu. Mjomba alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kusalimiana na wazee walioketi barazani, nami nikatumia nafasi hizo kutazama juu, kwenye roshani za mbao zilizochongwa na mafundi waliofuata mitindo ya Gujarat, nyingine zikiwa zimepakwa rangi upya, nyingine zikiwa zimeinama kiasi cha kutia hofu.

Nyumba aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa katika kichochoro kilichotosha watu wawili kupishana. Alipiga hodi, sauti ya mwanamke ikatukaribisha kutoka ndani, na mjomba akajibu "Starehe" huku akivua viatu. Nilitazama kwanza mlango. Ulikuwa wa mbao mbili, na mjomba alinionyesha ubao wa kulia unaoitwa mlango dume, ule wa kushoto unaoitwa mlango jike, na mfaa, yaani mti wa kusimama ulio katikati yake. Kisha akaniambia mlango una wapiga picha wa kutosha, tuingie tutazame mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa ukuta wa sebule. Kutoka sakafuni hadi kimo cha kifua ulikuwa umevimba, rangi imebanduka kama magamba, na chumvi nyeupe imetoka juu yake. Miaka kadhaa nyuma, fundi mmoja aliukuta na ufa mdogo akaupiga lipu ya saruji, na kwa mwaka mmoja au miwili ukapendeza sana. Mjomba alinieleza jambo hili taratibu huku tindo ikiwa mkononi. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na hapa ardhi yenyewe ina chumvi ya bahari. Chokaa huuacha unyevu huo utoke na kukauka hewani, lakini saruji huufungia ndani, nao ukikosa njia hupanda juu zaidi, huila chokaa ya kati ya mawe, na mwisho hufika kwenye boriti. "Nyumba hii yapumua, mjomba," alisema, naye pia akiniita mjomba kama ilivyo desturi yetu. "Waliiziba pua."

Aliniambia nitazame dari. Boriti za mikoko zilikuwa zimepangwa karibu karibu, nyeusi kwa umri, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini vyumba vyote nilivyopita ni virefu na vyembamba: urefu wa mti wa mkoko unaoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa hauzidi mita 3 hivi, kwa hiyo mti wa pwani ndio uliomwamulia mjenzi upana wa chumba. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu masultani na manahodha waliopita katika mji huu, lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ningeweza kusimama katikati ya sebule na kuusoma mti wa mkoko kwa hatua zangu mwenyewe.

Tulibandua saruji hadi adhuhuri. Mjomba alikwenda kuswali Msikiti wa Mandhry, unaosemekana ulijengwa mwaka 1570, wenye mnara mweupe unaochongoka kuelekea juu, nami nikamsubiri karibu na kisima kilicho ng'ambo ya njia. Nilimkumbuka Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, aliyefika Mombasa mwaka 1331 akaeleza juu ya misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, yenye visima milangoni, ambamo watu hunawa miguu kabla ya kuingia. Mbao zile zimekwisha, mawe yamezifuata, lakini kisima bado kiko mbele ya msikiti.

Mchana mjomba alikoroga chokaa. Ilikuwa imetokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuu la magogo, ikazimwa kwa maji na kuachwa miezi kadhaa hadi ikawa laini kama siagi. Alinipaka mafuta ya nazi mikononi ili isinichome, akanipa mwiko, akasema, "Ndoo, utie mkono wako hapa." Niliziba kipande kisichozidi upana wa sinia. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, alikuja kukitazama, akatuletea kahawa tungu na kashata, na hakusema neno juu ya mabonde yaliyokuwamo.

Siku mbili zilizobaki sikuifungua ile orodha tena. Chokaa haitaki kukauka haraka, maana ikikimbizwa hupasuka, kwa hiyo kila asubuhi na jioni nilikwenda kuinyunyizia maji na kuifunika upya kwa gunia bichi. Asubuhi ya kuondoka nilipita tena, begi likiwa begani, nikapiga hodi, nikachota maji, nikalilowesha gunia. Nilipolinyanyua pembeni, kipande changu kilikuwa bado cheusi kwa unyevu, lakini kingo zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nilimkabidhi bibi kata na ndoo, nikamwomba asisahau jioni, nikaenda kuwahi feri.