Karafuu za Wete kwenye Etrogi

Wiki nzima ya Sukoti, Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi, watoto wa darasa letu walikuwa wakikatazwa kuigusa etrogi. Ni tunda la ukoo wa limau, ila kubwa, ngozi yake nene na ina matutamatuta. Hukaa kwenye kasha lake, limezungushiwa nyuzi laini. Huwa na kijinundu nchani, na kikivunjika tunda halifai tena kwa ibada. Bei yake nayo si mchezo. Basi mwalimu alilishika mwenyewe, wale wa miaka miwili wakapita mmoja mmoja kunusa, mikono nyuma. Lulavi, kuti changa la mtende lililofungwa pamoja na mhadasi na mierebi, waliruhusiwa kulitikisa. Walilitikisa mpaka majani ya mierebi yakapukutika.

Hiyo ilikuwa chekechea ya Kiyahudi kaskazini mwa London, nami, Mpemba wa Wete na mtandio wangu kichwani, nilikuwa msaidizi wa darasa.

Sukoti ilipokwisha, etrogi ilikuwa imemaliza kazi yake. Wako wanaoipikia jamu. Wengine huichomeka karafuu na kuiacha ikauke, wainuse kwenye Havdala, ile ibada ya kuiaga Sabato Jumamosi usiku nyota zikishatoka: kikombe cha divai, mshumaa wa kusokotwa wenye tambi kadhaa, na viungo vya kunusa. Husemwa kwamba Sabato ikiondoka roho hupungukiwa, na harufu nzuri ndiyo ya kuiliwaza. Ukimweleza hayo mtoto wa miaka miwili atakutazama tu, kisha atakuuliza biskuti ziko wapi. Mpe cha kushika.

Mwalimu akatoa kichupa cha karafuu za dukani: nyembamba, nusu yake hazina vichwa, zilizobaki vumbi. Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia nyumbani ninazo nilizoletewa kutoka Pemba. Chakula cha kutoka nje kina masharti yake kwa Wayahudi, lakini kwa vile hizi hazikuwa za kuliwa, akakubali.

Kesho yake tukawakalisha watoto chini, kila mmoja na chungwa lake, etrogi katikati. Mimi nilitoboa matundu kwa kijiti, maana vidole vyao havina nguvu ya kupenya ganda, wao wakawa wanachomeka. Karafuu tuliwapa moja moja, kwa kuogopa kupaliwa. Hata hivyo binti mmoja, mjanja kupita kimo chake, aliitupia ya kwake mdomoni. Nikaichokoa kwa kidole upesi. Akatoa ulimi nje, macho yamemtoka, akaushika ulimi kuona kama bado upo. Bibi yangu alikuwa akitubandika karafuu kwenye jino bovu, kwa hiyo ganzi ile naijua. Nikangoja kilio. Akanyoosha mkono: nyingine!

Ilipofika zamu ya etrogi hakuna aliyethubutu. Wiki nzima umekatazwa, leo unaambiwa utoboe? Walimkodolea mwalimu macho mpaka alipochomeka karafuu ya kwanza mwenyewe, na hapo ndipo walipolivamia. Mafuta ya ganda yakawarukia mikononi, harufu ya limau ikachanganyika na ya karafuu, ikajaa darasa zima na kutoka hadi ukumbini. Pua yangu ilikuwa Pemba, msimu wa karafuu: majamvi yameanikwa kando ya barabara, bibi amekaa akichambua, makonyo huku, karafuu kule, ncha za vidole nyeusi. Mwalimu alisema jambo nisilisikie, ikabidi arudie.

Jioni wazazi walipokuja kuwachukua, kila mtoto alikuwa akimsukumizia mwenziwe viganja puani. Yule binti alimnusisha mama yake mpaka mama akapiga chafya. Akaja kwangu kuniuliza karafuu kama hizi zinauzwa wapi. Nikamwambia Wete, ila kama ana haraka ajaribu maduka ya Wahindi kule Wembley, na azitazame vichwa kabla hajalipa.