Kentucky Derby kutoka Mwaloni

Jamaa zangu wa Mwaloni Kirumba wamenicheka: "Mwanza nzima umeona farasi wapi, hadi uchambue Kentucky Derby, mbio za farasi za Marekani?" Nimechambua hivyo hivyo. Farasi wote wana miaka 3 na wengi hawajawahi kukimbia umbali wa mbio hizi, kama mita 2,000, kwa hiyo kasi ya mbio fupi hainibabaishi. Naangalia nani anamaliza na pumzi bado ipo, nani hapaniki akibanwa katikati ya wenzake 19. Wapenda kuongoza wakijaa, wanachoshana wenyewe, wa nyuma anajipitia. Mwaka 2022 Rich Strike aliingia dakika za mwisho baada ya mwingine kujitoa, wacheza kamari wakampa 80 kwa 1 (yaani ukiweka shilingi 1 akishinda unapata faida ya 80), akabeba! Sasa nani ataniamsha saa nane kasoro usiku nizitazame? Mke wangu ameshakataa.