Siku niliyompeleka Mama kwenye pango la Kentucky

Ukitoka Louisville kwenda Mammoth Cave kwa barabara kuu ya I-65, ni mwendo wa kilomita 145 hivi kuelekea kusini, na kabla hujafika saa inarudi nyuma. Jimbo la Kentucky lina majira mawili: upande wa mashariki unafuata saa za New York, upande wa magharibi saa za Chicago. Mama alikuwa ameshika simu yangu anatafuta kisomo cha kusikiliza, akaona saa nne imegeuka saa tatu. Akanirudishia simu akisema imekufa. Nilipomweleza akacheka, akasema basi angejua angeongeza usingizi.

Alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu wake. Ulikuwa mwezi wa saba, na Kentucky mwezi wa saba ni joto la kukutoa jasho hata ukiwa umekaa. Nyumbani alishachoka kutazama ukuta, nami zamu yangu ya usiku ilikuwa imeisha, nikaona nimtoe.

Njiani tukapita kibao cha Hodgenville. Nikamwambia hapo ndipo alipozaliwa Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1809, kabla wazazi wake hawajahamia Indiana akiwa na miaka saba. Na Jefferson Davis, aliyekuja kuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, naye ni mzaliwa wa jimbo hilihili, sehemu inaitwa Fairview, mwaka 1808. Mama akauliza swali ambalo nami nililiuliza nilipofika huku: sasa hawa Kentucky walikuwa upande gani? Jibu lake halinyooki. Jimbo halikujitenga, lakini watumwa liliendelea kuwashikilia, na lile tangazo la Lincoln la mwaka 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuwagusa watumwa wa Kentucky kwa sababu lilihusu maeneo yaliyoasi tu. Walipata uhuru Desemba 1865, katiba ilipobadilishwa. Bunge la jimbo lenyewe lilikuja kuyaridhia mabadiliko hayo mwaka 1976.

"Sabini na sita?" Mama akageuka kunitazama. "Mimi nilikuwa darasa la saba."

Karibu na pango, mashamba yanaanza kuwa na mashimo ya duara, mengine yameota miti katikati. Ardhi yote ile ni mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu. Yanazama kwenye nyufa, yanakula jiwe kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, halafu yanatokea kwenye Mto Green huko bondeni. Juu ya chokaa kuna tabaka la mawe ya mchanga linalozuia dari lisiporomoke. Ndiyo maana pango limedumu, na ndiyo maana ni refu kuliko mapango yote yanayojulikana duniani: njia zilizokwisha kupimwa zinazidi kilomita 670, na bado wanapima.

Mlangoni unapigwa na upepo wa baridi kabla hujaingia. Ndani ni nyuzi 12 hivi, kiangazi na kipupwe. Mama alikuwa na khanga mbili juu ya baibui, moja akajifunga kichwani, nyingine mabegani, akanong'ona Ayatul Kursi. Kwetu watu wa Tanga pango halijawa mahali pa matembezi tu. Kule Amboni wapo wanaoingia na ubani na maji ya waridi kuwaomba mizimu, na tangu utotoni tunaambiwa kuna njia chini kwa chini inayofika Mombasa. "Hawa wanaingia hivihivi?" akaniuliza. Nikamwambia wamekata tiketi.

Nilikuwa namtafsiria Mama maneno ya mwongozaji, askari wa hifadhi mwenye kofia pana. Kwenye ukumbi wa kwanza alituonyesha mapipa makubwa ya mbao na mabomba ya magogo yaliyotobolewa, mengine bado yamelala palepale. Wakati wa vita vya mwaka 1812 na Waingereza, watumwa wapatao 70 walichimba humo shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Mbao hazijaoza kwa sababu hewa ni kavu. Mama akainama kwenye kizuizi, akaitazama sana ile mibomba, akasema fundi wake alikuwa na mkono.

Kisha akatajwa Stephen Bishop, na hapo nikaona Mama ameacha kutazama dari.

Bishop aliletwa pangoni mwaka 1838, kijana wa miaka 17 hivi, mtumwa wa wakili aliyekuwa amelinunua pango. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni. Mwaka huohuo alifika ukingoni mwa shimo walilokuwa wakiliita lisilo na mwisho, ambalo lina kina cha mita 32, hakuna aliyewahi kulivuka. Yeye na mgeni mmoja wakalaza ngazi, wakapita na taa yao ya mafuta. Upande wa pili kulikuwa na pango jipya zima: mito, kumbi, samaki weupe wasio na macho. Mwaka uliofuata pango likauzwa kwa daktari wa Louisville, John Croghan, kwa dola 10,000, na Bishop akauzwa pamoja nalo.

Huyo daktari aliamini hewa ya pangoni inatibu kifua kikuu. Majira ya baridi ya 1842 kuingia 1843 aliwalaza wagonjwa humo, kwenye vibanda ambavyo viwili vya mawe vipo mpaka leo. Moshi wa taa na wa kupikia ukawazidishia ugonjwa, na baadhi yao wakafa. Tulisimama mbele ya kibanda kimoja. Ni chumba ambacho ungeweka kitanda na stuli, basi. Croghan mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1849.

Kwenye njia ya juu, dari limejaa majina yaliyoandikwa kwa masizi ya mshumaa. Wageni walikuwa wakitoa bahashishi waandikiwe, na inasimuliwa kwamba Bishop alijifunza kusoma kwa kufuatisha majina hayo. Baadaye alichora ramani ya pango lote kwa kumbukumbu tu, akiwa nyumbani kwa Croghan, Locust Grove, huku Louisville. Ilichapwa mwaka 1845 ikiwa na jina lake, jambo adimu kwa mtumwa.

"Na hela?" Mama akasema. "Muulize, hela ya ramani alipewa nani?"

Nikauliza. Mwongozaji akatabasamu kidogo, akasema pango lilikuwa la Croghan. Mama akaitika "Aah" ile ndefu ya Kitanga.

Kutoka unakanyaga zulia lenye dawa ya povu, kuosha viatu, kwa ajili ya kuvu inayoua popo. Mama alidhani ni udhu wa kutokea. Kisha tukatembea hadi makaburi ya waongozaji, msituni, si mbali na hoteli. Bishop aliachwa huru mwaka 1856 kwa wosia wa Croghan, akisema atakwenda Liberia na mkewe Charlotte na mtoto wao. Mwaka 1857 akafa. Jiwe la kaburi liliwekwa baadaye kwa fedha za tajiri wa Pittsburgh aliyewahi kutembelea pango, na mwaka wa kufa limeandikwa kimakosa 1859. Mama akamsomea Fatiha. Nikamwambia hakuwa Mwislamu. Akaniambia nisimfundishe dini.

Usiku nilimsikia chumbani anazungumza na Mama Mdogo kwa simu, sauti juu. Pango lilishakuwa la kilomita elfu moja, samaki wasio na macho amewaona mwenyewe, na yule bwana alivyoyajua mapango namna ile, asili yake haiwezi kuwa mbali na Amboni.