Tope la Mikindani

Kwa miezi saba nilikuwa mkia. Kikundi chetu cha mbio hukutana Jumapili saa 12 asubuhi, tunashika lami kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, kilomita kama 10, na kila mara nilifika wenzangu wameshamaliza chai. Hawakuwahi kunisema. Lakini anayefika wa mwisho huumia hata asiposemwa, na hadi Desemba nilikuwa nimeshaamua kuacha.

Mvua ndiyo iliyonibakiza. Mvua zetu za kusini ni msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, zinakwenda hadi Aprili, hazina vuli na masika kama za Dar. Jumapili moja ya Januari, baada ya kunyesha usiku kucha, kiongozi wetu akasema leo lami basi. Tukapanda daladala hadi Mikindani, tukaanza kukwea kilima kilicho nyuma ya Boma la Wajerumani, lile la mwaka 1895, kwa njia za mashambani.

Chini, upande wa mikoko, mchanga ulishakunywa maji na tulikimbia vizuri tu. Kazi ilianza kwenye mwinuko. Udongo mwekundu ulinata kwenye soli kama ugali wa moto. Hatua kumi, na kila raba imekuwa nzito kama tofali. Vijana wetu wawili wenye kasi, wanaotuacha kila wiki, walipanda hatua mbili wakarudi tatu. Mmoja alishika shina la muhogo likang'oka naye. Tulilichomeka tena palepale. Muhogo hauna makuu, utashika.

Ndipo Bi Mkubwa, mwenzetu wa kikundi, akapita mbele. Ni mzaliwa wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako watu wanaishi juu na maji yako chini bondeni. Utoto wake wote alishuka na ndoo tupu, akapanda na ndoo imejaa kichwani, kiangazi na mvua.

"Mwanangu, usitangulize kisigino," akaniambia. "Chomeka vidole. Na usirefushe hatua, mguu mrefu ndio unaoteleza."

"Na mikono, Bi Mkubwa?"

"Iachie. Fanya kama una ndoo kichwani, utaona mwili unavyojipanga wenyewe."

Nikainua shingo, macho hatua tatu mbele, vidole vikatangulia kwenye mizizi ya majani pembeni mwa njia. Nilipanda! Polepole, lakini sikurudi nyuma hata mara moja, na kwa mara ya kwanza nilisikia watu wakihema nyuma yangu.

Njia ni nyembamba, mnakwenda mmoja mmoja, kwa hiyo kila mtu anamtegemea aliye mbele yake. Wa kwanza akiona shimo anapaza sauti, "Shimo!" Neno linapokewa mdomo kwa mdomo hadi kwa wa mwisho. Mtu akikwama, mkono unashuka kumvuta. Dimbwi tunalipita katikati, hata likifika magotini, maana ukilizunguka unakanyaga mazao ya watu. Kushuka ndiko kunakotaka moyo: kunja magoti, usijizuie kwa nguvu, na ukiona unakwenda chini, kaa. Nilikaa mara nne, na kila mara nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kwenye lami sikuwahi kucheka.

Barabarani konda wa kwanza alitutazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akagonga bati, gari likaondoka. Tukateremka ufukweni, tukaingia baharini kumi na watano na raba zetu, Bi Mkubwa amekunja kanga hadi magotini, maji yakawa mekundu pande zote. Konda wa pili alikuwa na huruma. Alitutandikia magunia matupu ya korosho kwenye viti, akatuambia tukae.